Shazia Ikilazwa

Bomba la sindano lilikuwa mezani, halijafunguliwa, na sista alikuwa hajaligusa. Alichokuwa akigusa ni paja la kijana. Alipaka mafuta ya nazi kidogo kwenye ncha za vidole vitatu, akafumba macho, akaanza kuvitembeza kutoka nyongani kwenda gotini, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba uliozama. Kijana alikuwa na miaka 19 na kilo 41. Kwao ni ndani ya delta ya Rufiji, ambako njia ni mikono ya mto na safari hupangwa na maji kujaa na kupwa. Walikuwa wametoka na mtumbwi kabla ya alfajiri, yeye na bibi yake, wakaingia kwenye boti mpaka Nyamisati, na kutoka hapo wakaja kwa bodaboda wakiwa wamebanana watatu.

Zahanati ile iko upande wa Kibiti, ukingoni mwa delta. Nilikuwa nimefika pale kwa shughuli nyingine kabisa, na shughuli hiyo ilikwisha mapema. Nilibaki kwa sababu ya ule mkono.

Vidole vilisimama kiasi cha shibiri moja juu ya goti la kushoto.

"Hapa ndipo unapojichoma, baba."

"Ndiyo, sista. Hapo hapaumi."

"Najua hapaumi. Ndiyo maana unaparudia."

Chini ya vidole vyake palikuwa na kidundu laini, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Kwa macho hukioni. Mimi mwenyewe niliruhusiwa kugusa na mara ya kwanza nilipita juu yake bila kujua. Mara ya pili, nilipopunguza mwendo, nikaisikia ngozi ikibadilika kutoka nyororo kuwa nzito kidogo, halafu ikarudi. Insulini anayojichoma kwa ajili ya kisukari ni homoni ya kujenga. Ukiimwaga kila siku mahali pamoja, hukuza mafuta ya mahali hapo, na mafuta yanayoota namna hiyo huwa kama kichaka kilichofunga njia: dawa inayoingia humo hukwama, leo ichelewe, kesho itoke kwa mkupuo. Mtu mwembamba hunaswa na mtego huu kirahisi kuliko mnene. Amehangaika mwili mzima akitafuta mahali penye nyama ya kushika, na siku anapopapata hajui kwamba pamevimba kwa sindano zake mwenyewe.

Kisha sista akahamia paja la kulia. Huko hakukuwa na kidundu. Kulikuwa na ngozi, na mara tu chini yake msuli wa mtu anayepiga pondo tangu utotoni, mgumu kama boriti ya mkoko. Alibonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Kisha akauliza swali ambalo kwangu lilikuwa geni: siku ile alipoanguka mtumbwini, asubuhi alikuwa amejichoma paja lipi?

Kijana akafikiri. La kulia.

Na zile siku anazojichoma vizuri lakini anashinda akikojoa na kiu haimwachi?

La kushoto.

Sista akatikisa kichwa taratibu. Kwa wiki nzima jamaa zake walikuwa wakiyasimulia mambo hayo mawili kana kwamba ni magonjwa mawili: siku za kukojoa ni sukari, siku ya kuanguka ni kitu kingine, pengine kitu cha majini. Yeye alikuwa ameyaweka katika miguu miwili ya mtu mmoja. Kushoto dawa ilikuwa ikikwama kwenye kidundu. Kulia ilikuwa ikipita moja kwa moja hadi kwenye msuli.

Inafaa kueleza kwa nini msuli ni mahali pabaya, maana wengi wetu tumekua tukijua kwamba sindano nzuri ni ile inayozama. Sindano za malaria za enzi zetu zilizama. Insulini haitakiwi kuzama. Mahali pake ni kwenye tabaka la mafuta lililo kati ya ngozi na msuli, kwa sababu mafuta yana mishipa michache ya damu na huiachilia dawa kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Msuli umejaa damu. Ukitulia, huimeza insulini haraka kuliko mafuta. Ukifanya kazi, huimeza haraka zaidi. Mtafiti wa Sweden, Anders Frid, na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba insulini iliyoingia kwenye msuli wa paja huweza kuishusha sukari kwa ghafla mtu anapofanya mazoezi. Walipima watu waliokuwa wakifanya mazoezi chini ya uangalizi. Kijana wetu alikuwa amesimama kwenye tezi ya mtumbwi, miguu imekaza, akisukuma pondo dhidi ya maji yanayopwa. Akaanza kutetemeka, jasho likamtoka, ulimi ukawa mzito. Bahati mjomba wake alikuwa na chupa ya chai, na alikuwa mtu wa kuipenda chai yake ikiwa na sukari nyingi. Alimnywesha angali na fahamu za kumeza.

Ngozi yenyewe, hiyo ya juu, ni jambo la kushangaza. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya watu wazima 388, wembamba na wanene, wa asili mbalimbali, wakikuta unene wa ngozi mahali pa kuchomea insulini unakaribiana mno kwa wote: wastani wa milimita 1.9 kwenye paja, 2.2 tumboni na mkononi, 2.4 kwenye makalio. Mtu wa kilo 41 na mtu wa kilo 120 wamevaa ngozi karibu sawa. Kinachowatofautisha ni kilicho chini yake. Kwa mnene, baada ya zile milimita 2 kuna godoro. Kwa kijana huyu kulikuwa na shuka.

Watafiti hao hao walikokotoa hatari ya kuufikia msuli iwapo sindano itasimamishwa wima bila kukunja ngozi. Sindano ya milimita 4: chini ya mara 1 katika 100. Ya milimita 6: karibu mara 6. Ya milimita 8: mara 15. Ile ya milimita 12.7, iliyotumika miaka mingi kama ya kawaida: mara 45 katika 100. Na hapo walipima Wamarekani, watu ambao kwa jumla wana miili mikubwa kuliko wavuvi wa Salale na Mbuchi. Kwa mwili uliokonda hesabu hizo ni za kuongeza.

Kabati la zahanati siku ile lilikuwa na sindano za aina mbili. Kulikuwa na mabomba ya mililita 1 yenye kofia ya rangi ya machungwa na sindano ya milimita 8, na pakiti chache za zile ndefu za karibu milimita 13. Kalamu ya insulini yenye kisindano cha milimita 4, ambacho miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2016 inakipendekeza kwa wembamba na wanene sawia, haikuwapo. Sista aliziondoa zile ndefu mezani, akazirudisha ndani kabisa ya kabati, nyuma ya pamba. Akabaki na milimita 8, ambayo kwa vitabu bado ni ndefu mno kwa kijana yule. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ninachokitazama. Kinachopungua kwenye kabati kilitakiwa kitoke vidoleni.

Kwanza, mahali. Aliupitia mwili wa kijana kama mkulima wa bondeni anavyoipitia ardhi baada ya mafuriko, akijua pa kupanda na pa kuacha. Mapaja yote mawili yapumzike: la kushoto mpaka kidundu kiishe, na hilo huchukua miezi, la kulia kwa sababu ya pondo. Tangu mwaka 1978 inajulikana kwamba mguu unaofanya kazi huivuta haraka insulini iliyochomwa humo, hata ikiwa imekaa sawasawa kwenye mafuta. Mikono pia aliikataa, na sababu yake ilikuwa ya kiufundi kabisa. "Mkono wa kushoto ukunje ngozi ya mkono wa kulia," alisema, "halafu bomba ulishike na nini?"

Likabaki tumbo. Kijana alipolivua shati akiwa amesimama, tumbo lilikuwa bapa, limevutwa kama ngozi ya ngoma, na mimi nikajisemea hapo hakuna kitu. Sista hakusema hivyo. "Kaa, baba. Legeza. Usijivute mbele ya mgeni." Kijana akakaa, akainama kidogo, na kando ya kitovu, vidole viwili kutoka kitovuni kila upande, pakatokea mkunjo. Ulikuwepo muda wote. Ulihitaji tu mtu akae. Nimeufikiria sana mkunjo ule. Mwili uleule, dakika ileile, ukisimama hauna mahali pa kuweka dawa, ukikaa unapo.

Likabaki pia kalio, sehemu ya juu upande wa nje, pale ambapo hata mtu aliyekonda sana hubakiwa na akiba kidogo. Hapo kazi ilihitaji stara. Bibi alinyanyuka bila kuambiwa, akafungua khanga aliyojitanda, akaitandaza kama pazia, na mimi nikatoka nje nikasimama chini ya mkorosho mpaka nilipoitwa tena.

Nikiwa nje ya lile pazia la khanga nilikuwa nikimfikiria mvulana mwingine. Insulini ya kwanza kabisa kupewa mgonjwa ilichomwa Toronto, Kanada, tarehe 11 Januari 1922. Mgonjwa alikuwa Leonard Thompson, mwenye miaka 14, na alikuwa na kilo zipatazo 29. Zama hizo wagonjwa wa aina yake waliwekwa kwenye lishe ya njaa ili waishi miezi kadhaa zaidi. Walimchoma kwenye makalio, mililita 7.5 kila upande, za maji ya rangi ya kahawia yaliyokamuliwa kwenye kongosho la ng'ombe, na mahali pamoja pakavimba jipu. Siku 12 baadaye akapewa dawa iliyosafishwa vizuri zaidi na James Collip, na hiyo ikafanya kazi. Thompson aliishi mpaka mwaka 1935. Kwa hiyo suala la mtu mwembamba halikuja baadaye kama jambo la pembeni. Insulini ilianza na mwili mwembamba, na swali la kwanza ambalo mkono wa daktari ulilazimika kulijibu lilikuwa lilelile la zahanati hii: kwa huyu, wapi?

Na wembamba wenyewe mara nyingi ni kazi ya ugonjwa. Bila insulini mwili haushibi hata ukilishwa. Huanza kujila, mafuta kwanza, nyama baadaye. Ndiyo maana ramani ya sindano ya mtu aliyekonda ni ramani ya muda tu. Dawa ikikaa, mafuta hurudi, na mahali palipokuwa pabaya mwezi huu panaweza kufaa baada ya miezi minne.

Bibi alikuwa na swali lake, na aliliuliza kwa sauti ya mtu aliyelibeba toka mbali. Je, ni mihogo? Kijana alikua na mihogo na wali, zaidi mihogo, na mtu mmoja alimwambia kwamba mihogo ndiyo iliyomharibu. Sista akamshika mkono. Akamwambia hapana, bibi, si wewe na si mihogo yako. Alikuwa sahihi, na jibu lake lina asili ya hapahapa. Wazo kwamba sumu ya mihogo huharibu kongosho lilienea duniani miaka ya 1970 na 1980, na miongoni mwa waliolipima uwanjani walikuwa watafiti waliokuwa wakifanya kazi Tanzania: Andrew Swai, Donald McLarty wa Muhimbili na wenzao, waliolinganisha jamii inayokula mihogo michungu na nyingine isiyoitegemea. Mwaka 1992 walichapisha jibu lao, nalo linasomeka kwenye kichwa cha makala yenyewe: kisukari hakisababishwi na sumu ya mihogo. McLarty na Swai walikuwa tayari wamewaandikisha na kuwafuatilia wagonjwa wapya 1250 pale Muhimbili kati ya 1981 na 1987, na 272 kati yao walikuwa wa kuhitaji insulini. Kuhusu utapiamlo wenyewe mjadala umeendelea: Aprili 2025, mjini Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliutambua ugonjwa wa watu wembamba waliokulia kwenye njaa kuwa aina ya 5 ya kisukari. Kijana wetu ni wa aina gani, hilo ni la madaktari na maabara. Kwa vidole vya sista jina halibadilishi unene wa ngozi.

Tulirudi kwenye kukunja.

Hapa ndipo alipotumia muda mrefu kuliko kote, na nadhani kama angekuwa na dakika kumi tu za kumpa kijana yule angezitumia zote hapa. Ngozi hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, cha kati kikisaidia kama lazima. Si kwa kiganja. "Ukishika kwa mkono mzima," alisema, "unashika na nyama, halafu unauletea msuli sindano mdomoni." Alinyanyua mkunjo mdogo kando ya kitovu na kuusogeza huku na huku. Ukiteleza juu ya nyama, umeshika ngozi na mafuta. Ukiburuta nyama, achia, anza upya. Usibane mpaka iume au ngozi ipauke. Na ukishanyanyua, usiachie: choma, sukuma dawa polepole mpaka mwisho, hesabu kidogo, toa sindano, ndipo vidole viachie. Ukiachia sindano ingali ndani, mkunjo hushuka, na ncha iliyokuwa kwenye mafuta hujikuta imefika pale ulipokuwa ukiikimbiza isifike.

Kijana alijaribu mara nne. Mara tatu alinyakua. Ana mikono ya kuvuta nyavu, na mikono ya namna hiyo haijui kushika kitu nusunusu.

Kisha mlalo. Sista alilichukua bomba tupu na kuliegemeza juu ya mkunjo, si wima, bali kwa pembe ya nusu ya wima. "Hivi. Kama jahazi linavyoegama." Kijana akaitikia kwa kichwa lakini nilimwona hajaelewa. Aliyeelewa ni bibi. Bibi yule anasuka mikeka ya ukindu; kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau ya mkeka aliouacha nyumbani haujaisha. Alisogea kwenye benchi, akalitazama bomba, akasema:

"Ee, ni shazia hiyo. Ukiisimamisha inatoboa. Ukiilaza inapita."

Sista akaacha kuongea. Akamwangalia bibi kama fundi anavyomwangalia fundi.

Anayejua mikeka atakuwa ameshaona. Mkeka husukwa kwanza kama ukili mrefu, mwembamba, halafu kili hizo huunganishwa ukingo kwa ukingo kwa shazia, sindano ndefu ya kushonea mikeka. Shazia ikisimama wima hutokea upande wa pili na kuikata miyaa. Ikilazwa hupita ndani ya unene wa ukili wenyewe, juu ya mwaa wa chini na chini ya ule wa juu, na mshono hauonekani. Bibi alikuwa akiishi kwenye milimita mbili tatu kwa miaka hamsini. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo ni ujuzi unaotakiwa hospitali.

Jioni ile, nyumbani, nilichora pembetatu kwenye daftari kuona walichokuwa wakikifanya. Sindano ya milimita 8 ikisimamishwa wima hufika kina cha milimita 8. Ikilazwa kwa nyuzi 45 hufika kina cha milimita 5.7. Ukikunja ngozi, tabaka la juu ya msuli huwa karibu mara mbili ya lilivyokuwa, kwa sababu pande mbili zimesimama pamoja. Kwa hiyo vidole viwili na mlalo wa kiganja vimeifupisha sindano bila kuikata, na papo hapo vimeunenepesha mwili bila kuulisha. Ile ya milimita 13 ikilazwa hivyo hivyo hufika 9. Ndiyo maana iliwekwa nyuma ya pamba.

Ratiba waliipanga pamoja. Dawa yake ni ile ya mchanganyiko, ya maziwamaziwa, asubuhi na jioni. Asubuhi ichomwe tumboni, kwa kuwa tumbo huipeleka haraka na chakula kinafuata. Jioni ichomwe kalioni, ambako hutoka taratibu, ili sukari isishuke usiku watu wakiwa wamelala. Kichupa kisitikiswe kwa nguvu kama chupa ya dawa ya kikohozi. Kiviringishwe kati ya viganja mara kumi, kipinduliwe mara kumi, mpaka weupe uenee sawasawa. Kipimo je? Hapo sista hakubahatisha. Dawa iliyokuwa ikikwama kwenye kidundu sasa ingefika yote, na kipimo kilekile kingeweza kumwangusha. Alimpigia simu daktari, akaeleza, wakapunguza, akaandika kwenye daftari la kijana kwa herufi kubwa.

Suala la nani atachoma kalio lilijitatua lenyewe. Macho ya bibi hayaoni tena mistari midogo ya bomba. Mikono ya kijana haifiki nyuma ikiwa na utulivu wa kukunja na kulaza kwa pamoja. Basi kijana atavuta dawa na kuisoma, bibi atachoma. Alifanya mazoezi kwa maji, kwenye chungwa, na chungwa la kwanza tu lilitosha. Aliilaza sindano bila kufikiri, akasukuma, akangoja, akatoa. Sista alimwomba arudie, nadhani kwa ajili ya kuliona tu.

Walizungumza pia juu ya kutunza dawa, kwa sababu kwao hakuna friji. Bibi alikuwa akiweka kichupa kwenye mtungi mdogo uliowekwa ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa. Wengine wangemcheka, lakini si lazima iwe friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya vipimo vilivyotokana na hali ya kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya: insulini iliyokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Lakini delta si Dadaab. Hewa yetu imejaa unyevu, maji hayakauki upesi kwenye udongo, na mtungi haupoi kama unavyopoa kwenye nchi kavu. Sista alimwambia aendelee nao, auweke kivulini penye upepo, mbali na jiko, na kichupa kilichofunguliwa kisivuke mwezi.

Mabomba yaliyotumika yaingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko na kurudishwa zahanati. Mto una watoto wanaoogelea. Na mtumbwini kijana asiondoke bila sukari mfukoni, iliyofungwa vizuri isilowe: vijiko vitatu vya chai vikorogwe kwenye maji dalili zikianza, kisha ale. Hayo sista aliyasema wima mlangoni, maana maji yalikuwa yakijaa na boti isingengoja.

Niliwaona tena baada ya miezi mitatu na zaidi, baada ya masika, siku nyingine ya kliniki. Mkono wa kushoto wa kijana ulikuwa na kikuku cha ukindu uliotiwa rangi. Nikadhani ni pambo. Ilikuwa kazi ya bibi: kikuku kikiwa kushoto, wiki nzima ni upande wa kushoto, tumbo na kalio, Ijumaa baada ya swala kinahamia mkono wa kulia na sindano zinahama nacho, na ndani ya wiki kila sindano inasogea upana wa kidole kutoka ilipochomwa ya jana. Sista alikivua, akakigeuzageuza, akamrudishia.

Kisha akampandisha kijana kwenye mizani. Kilo 47. Hakusema kitu. Akachukua mafuta ya nazi, akapaka ncha za vidole vitatu, akafumba macho, akaanza upya kutokea nyongani.